Chifu Tryphena na Mtaimbo Wangu

Mimi si mtu wa kusifu viongozi. Maishani nimeandika barua nyingi za malalamiko kuliko za mapenzi, na mke wangu Priscilla atakuthibitishia hilo hata kabla hujamuuliza. Kwa hiyo ukiniona nimekaa hapa kibarazani naandika habari za Tryphena Wakesho, aliyekuwa naibu wa chifu wetu hapa Ikombonyi kwa miaka kumi na sita, usidhani nimetumwa. Kama ningeweza kueleza kosa langu bila kumtaja yeye, ningefanya hivyo. Nimejaribu mara mbili, karatasi zote nikazitupa.

Jina langu ni Zephaniah Maghanga. Nilikuwa karani katika shamba la mkonge huko chini mpaka nikastaafu, nikarudi kilimani kwetu. Ikombonyi iko kwenye mteremko wa vilima vya Taita, upande unaotazama tambarare ya Voi. Asubuhi ukisimama mlangoni pangu unaiona treni ikipita mbali kule chini, lakini maji ya bomba huyaoni mpaka Jumanne au Ijumaa. Nyumba zetu zimejipanga pande mbili za bonde, hizi zikitazamana na zile. Mtu wa ng'ambo akipiga chafya, unaweza kumpa pole ukiwa kwako, naye akakuitikia.

Tryphena alizaliwa upande ule wa ng'ambo. Alifundisha chekechea miaka kumi na mmoja kabla ya kuomba kazi ya unaibu chifu, na alipoiomba mimi nilipinga. Niliandika barua ya kurasa mbili, nikaeleza kwa heshima zote kwamba mwanamke hatawaweza wapika chang'aa wala kesi za mipaka ya mashamba. Alipewa kazi. Siku yake ya kwanza alipita kwangu amevaa sare ya khaki iliyoshonewa mwanamume, bereti imemlalia sikioni, akaniamkia vizuri, akasema barua yangu ameonyeshwa na mwandiko wangu ni mzuri sana. Hakuirudia tena habari hiyo maisha yake yote kazini. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika.

Ualimu wa chekechea haukumtoka kamwe. Jambo moja alilisema mara tatu, polepole, akikutazama machoni, na hata wazee wa mvi walijikuta wanaitikia "ndio" kwa pamoja. Alikuwa pia anaijua kila nyumba: nani ana mgonjwa, nani amegombana na mkwe, nani amefuga mbuzi wa nani. Mumewe Mwanzia, Mkamba wa watu, alikuwa mfanyakazi wa reli pale Voi na alipanda mlima mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo Tryphena alikuwa na muda wa kutujua sisi.

Ndipo ikaja korona.

Mikutano ya baraza ilikatazwa. Makanisa yalifungwa, soko likafungwa, Mombasa ikafungwa watu wasiingie wala wasitoke. Tulikaa majumbani tukisikiliza redio, na redio haikuwa na neno jema. Kila siku idadi, kila siku vifo. Tryphena aliletewa karatasi kutoka kwa wakubwa wake, na katika yote yaliyoandikwa mle kulikuwa na neno moja alilolishika zaidi: watulize watu. Akaanza kututuliza kwa namna yake.

Katikati ya mteremko wa ng'ambo, juu kidogo ya nyumba yake, kuna jiwe kubwa ambalo sisi tunaliita Jiwe tu. Kila asubuhi saa mbili alipanda pale na kipaza sauti cha mkono. Hakutuita tukusanyike. Alitutaka kila mtu asimame mlangoni kwake, kisha akaita nyumba moja moja, kama mwalimu na rejista. "Kwa Zephaniah!" Nasi tunajibu, "Tupo!" "Kwa Sylus!" "Tupo!" Nyumba arobaini na tatu, pande zote mbili za bonde. Nilisema huu ni mchezo wa watoto. Siku ya nne nilikuwa mlangoni saa mbili kasoro dakika kumi, nimechana nywele.

Baada ya kuita majina alifundisha. Tunawe mikono kwa sabuni, alisema, kwa sekunde ishirini, mara kwa mara. Wanawake walicheka bonde zima. Maji yapi, walimuuliza. Hakukasirika. Kesho yake alikuja na mtungi wa lita tatu uliotobolewa na kufungwa kamba, ukikanyaga kijiti unainama na kutoa maji kiasi cha kikombe cha uji wa mtoto, basi. Akawaonyesha jinsi ya kuutengeneza, mara tatu. Mumewe Mwanzia aliposimama njiani pale chini mwisho wa mwezi, akitaka kupanda, Tryphena alimwambia kwa kipaza sauti hicho hicho, watu wote tukisikia, kwamba mtu wa kutoka mjini akae siku kumi na nne kwanza, na yeye ni mtu wa kutoka mjini. Mwanzia aligeuka akarudi Voi na mfuko wake wa mkate. Siku hiyo nilimheshimu Tryphena kidogo.

Kila alipomaliza alifunga kwa maneno yale yale. "Hapa kwetu hakuna ugonjwa. Hapa kwetu hakuna. Tulieni." Nasi tulitulia. Ni maneno matamu hayo. Tulianza kuyasema sisi kwa sisi, ugonjwa ni wa mijini, hewa ya kilima inauzuia. Mimi mwenyewe niliyasema, na bado nayaonea aibu.

Geoffrey Mwadime alikuwa mpishi katika hoteli moja Mombasa. Hoteli ilipofungwa alikaa wiki kadhaa bila kazi, kisha akatoroka, akapita vichochoro vya nyuma mpaka akafika nyumbani. Mke wake Teresia hakumwambia mtu, na si mimi wa kumlaumu. Siku ya tisa Geoffrey alianza kukosa pumzi. Teresia alimpigia simu Tryphena, gari la wagonjwa likaja mpaka barabara inapoishia, akapelekwa Voi hospitalini. Siku ya nne akafa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mama yangu alipofariki, Geoffrey ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele, kwenye ule mteremko mbaya, na alikuwa amevaa viatu vya jikoni kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja.

Sasa lazima nieleze namna tunavyozika, kwa sababu kosa langu liko hapo.

Hapa Ikombonyi tuna kikundi cha mazishi, na mwenyekiti wake ni mimi. Akifa mtu, napiga filimbi mara tatu. Kila mwanamume anayeisikia anachukua jembe au sururu yake anakuja. Lakini hakuna anayegusa udongo mpaka mwenyekiti apige jembe la kwanza. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Na kwa kuwa ardhi yetu ina mwamba chini, mwenyekiti ndiye anayekaa na mtaimbo. Wetu ni mzito, umetengenezwa kwa chuma cha reli ya zamani, na bila huo hufiki mbali. Mwanamke hachimbi kaburi. Hilo halijaandikwa popote, lakini hakuna aliyewahi kuliona likivunjwa.

Asubuhi ya mazishi maafisa wa afya walipiga simu. Mwili utaletwa saa tisa mchana, wataushusha wao wenyewe na mavazi yao meupe, lakini kaburi liwe tayari. Lisipokuwa tayari, mwili unarudi Voi kuzikwa kwenye makaburi ya umma. Kila mtu alielewa maana yake. Geoffrey angelala kati ya wageni, na Teresia angehitaji nauli kwenda kumsalimia mumewe.

Sikupiga filimbi. Nilikuwa nayo mfukoni.

Saa nne Tryphena alifika kwangu. Alisimama nje ya ua, barakoa usoni, mbali kama hatua kumi. Nilitoka mpaka kizingitini. Alinieleza yote niliyoyajua, kisha akasema:

"Mzee Zephaniah, njoo upige jembe la kwanza tu. Ukishapiga, rudi kwako. Wengine watakuja wakikuona."

"Chifu," nikamwambia, "wiki sita umesimama pale juu ukituambia hapa hakuna ugonjwa. Leo wataka nikazike ugonjwa ambao haupo?"

Nilijua ni jibu zuri. Nilikuwa nimelitayarisha tangu alfajiri. Alivua bereti, akaikunja akaitia kwapani.

"Ni kweli nilisema hivyo," alisema. "Nilitaka mlale. Nilikosea, mzee. Lakini Geoffrey anafika saa tisa."

Alingoja kidogo, akaondoka, nami nikarudi ndani nikakaa kitini nimeshikilia filimbi yangu mfukoni kama mtu mwenye maana. Priscilla alikuwa akichambua maharagwe.

Kupitia dirishani tuliona yote. Tryphena alishuka bondeni akapanda ng'ambo mpaka kwa Teresia. Alikunja mikono ya lile shati la khaki, akachukua jembe, akapiga la kwanza yeye. Kisha Teresia, kisha binti yake Shanice aliyekuwa kidato cha nne. Wanawake watatu, kila mmoja na barakoa, wamesimama mbali mbali kadiri shimo lilivyowaruhusu. Kwenye kila mlango wa bonde lile kulikuwa na mwanamume amesimama, na kila mwanamume alikuwa akitazama mlango wangu.

Kwenye saa sita tukaanza kusikia sauti ya chuma kwenye mwamba. Jembe likigonga mwamba linatoa sauti ambayo mchimbaji yeyote anaijua, na inamaanisha umefika mwisho wako. Shimo lilikuwa halijapita kiunoni. Priscilla aliacha maharagwe.

"Hawatapita hapo bila mtaimbo," akasema. "Na wewe unalijua hilo."

Nilivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Nikauchukua mtaimbo nyuma ya mlango, nikashuka bondeni, nikapanda ng'ambo, moyo ukinidunda kwa woga na kwa mlima. Nilifika mpaka kwenye ua wa mkonge unaozunguka boma la Teresia. Niliwasikia wakihema. Ningeweza kuingia. Hatua ishirini tu. Niliulaza mtaimbo chini kando ya ua, nikakohoa ili wajue, na kikohozi chenyewe kikanitisha, nikageuka nikaondoka mbio kadiri miguu ya mtu wa miaka sitini na saba inavyoweza.

Teresia alisogea kuangalia ni nani. Alichokiona ni mgongo wangu.

Kwa mtaimbo huo walifika kifuani kwa Shanice, na hapo wakaishia, nguvu zimekwisha. Kaburi fupi, lakini kaburi. Gari lilikuja saa tisa, wale wa mavazi meupe wakafanya kazi yao kwa haraka na kwa heshima, na kwa muda wa mtu kunywa chai yote yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na mchungaji. Tryphena alichukua kipaza sauti akaanzisha wimbo wa mazishi, sauti imekauka kwa vumbi. Milango michache iliitikia, kisha mingine. Mimi niliimba pia, kwa sauti ya chini, ili Priscilla asinisikie.

Kesho yake saa mbili alikuwa juu ya Jiwe. Viganja vyake vilifungwa vitambaa. Aliita nyumba zote. Alipofika kwa Teresia aliita, akangoja, hakuna aliyejibu. Akaita mara ya pili. Shanice alitoka akapunga leso, akarudi ndani. Tryphena akaendelea na jina lililofuata mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia mtu wa serikali akiyasema.

"Niliwaambia hapa hakuna ugonjwa. Sikuwa najua. Nilisema tu ili mtulie. Ugonjwa ulikuwapo, na ulikuwa kwa Geoffrey, na sisi tumemzika. Kuanzia leo nitawaambia ninachokijua. Nisichokijua nitasema sikijui. Kuna nyumba mbili zinazokaa ndani siku kumi na nne, kwa Teresia na kwangu. Anayeogopa, aogope. Hata mimi naogopa. Lakini saa mbili kesho nitakuwa hapa."

Aliyasema mara moja tu. Hakuyarudia.

Nilidhani watu watapandwa na wazimu. Nilidhani tutaona watu wakihama na mizigo vichwani. Haikuwa hivyo. Siku zile kumi na nne alitoka kwake mpaka kwenye Jiwe na kurudi, hakuna aliyemkaribia, na kila asubuhi alitupa habari ilivyo: kaunti ina wagonjwa kadhaa wapya, Ikombonyi hakuna aliyepimwa akapatikana nao, dawa bado, chanjo bado, lini sijui. "Sijui" yake ilitutuliza kuliko ile "hakuna" yake ya zamani. Siwezi kueleza kwa nini. Labda mtu akikwambia asichokijua, unaanza kumwamini kwa kile anachokijua. Vipimo vya Teresia na Shanice vilitoka safi, naye alivitangaza siku hiyo hiyo, akataja majina yao yote mawili.

Hofu ilipungua. Lakini kilichobaki chini yake kilikuwa kibaya zaidi. Teresia alitoka karantini akaenda bombani Ijumaa, na foleni ikajitenga, kila mwanamke akisogeza mtungi wake. Hakupiga kelele. Alijaza maji akaenda, na tangu siku hiyo alikuja bombani watu wakishaondoka, akikinga matone ya mwisho. Hakuitikia salamu ya mtu. Mtaimbo wangu alikuwa ameuegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake, upande wa bonde, ambapo kila nikifungua mlango wangu nauona.

Sisi Wadawida, yaani Wataita, tuna jambo letu la zamani, linaitwa kutasa. Mtu akiwa na hasira na ndugu au jirani, hasira ile haikai ndani yake tu, inaharibu watu na mifugo na mvua. Basi wanakutana, anachukua maji au pombe ya miwa kinywani, anaipuliza nje kama manyunyu, anasema kama kuna hasira ndani yangu na itoke. Mama yangu alifanya hivyo, na Jumapili alikuwa kanisani kiti cha mbele. Siku hizi wengi wameacha. Lakini hakuna aliyesahau.

Fikiria sasa mwaka ule. Serikali inasema matone ya mdomo yanaua, nasi dawa yetu ya hasira ni matone ya mdomo. Tryphena alilifikiria hilo wiki nzima, nafikiri, kwa maana alikuja kuniuliza mimi, tukiwa hatua kumi mbali, kama ni lazima watu wakae pamoja. Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimejifunza neno hilo kwake.

Akatangaza. Jumanne, maji yakishafunguliwa, kila nyumba ijaze kikombe kimoja. Saa tatu kila mtu mzima asimame mlangoni kwake, achukue maji kinywani, ayapulize kwenye ardhi yake mwenyewe, asiwe na mtu mbele yake. Mchungaji alinung'unika kwamba hayo ni mambo ya gizani. Tryphena alimwambia, kwa kipaza sauti, kwamba atakayependa kuomba bila maji aombe bila maji, mradi aseme ukweli. Mchungaji alitoka na kikombe. Niliona kwa macho yangu.

Bonde zima tulipuliza. Jua lilikuwa limetoka, na mbele ya kila mlango kulikuwa na ukungu mdogo uliong'aa ukapotea. Mimi nilisema maneno yangu, na hasira niliyoitoa ilikuwa yangu juu yangu mwenyewe. Kisha wote tukageukia kwa Teresia.

Alikuwa ametoka. Alisimama kando ya mtaimbo na kikombe mkononi, Shanice nyuma yake. Alitutazama, upande huu na upande ule, bila haraka. Akainua kikombe, akanywa. Alikunywa mpaka tone la mwisho, koo likipanda na kushuka, akakigeuza kikombe chini tuone, akaingia ndani.

Nilimsikia Priscilla akianza kulia. Nilidhani Tryphena atamsihi, au atatufokea sisi, au atasoma sheria. Kipaza sauti kilikwaruza.

"Teresia amekunywa," akasema. "Ana haki. Sisi tutangoja. Sisi tutangoja. Tutangoja."

Tukangoja. Mwaka huo walifariki wazee wawili kwa uzee wao, tukachimba kwa sururu kutwa nzima, mikono ikitutoka malengelenge, kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda kuuomba ule mtaimbo, na mimi kuliko wote. Nilimwomba Tryphena anichukulie. Alinitazama kama alivyowatazama watoto waliokojoa darasani.

"Mzee, mimi nilitumwa kutuliza watu," alisema. "Sikutumwa kukubebea mtaimbo."

Chanjo zilipofika alidungwa wa kwanza, akapanda Jiwe akaripoti kwamba mkono unauma na usiku amepata homa, na kwamba atatuambia kesho kama bado yu hai. Kesho yake alikuwepo, tukashuka kwenda kudungwa. Teresia alidungwa siku ile ile kama sisi, akikaa peke yake mwisho wa benchi. Jina lake liliendelea kuitwa kila asubuhi mpaka siku ya mwisho ya kuita majina. Shanice alipunga leso. Teresia hakuwahi kusema "tupo."

Mvua za mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili zilikuwa mbaya kwa kaburi lile. Lilikuwa fupi tangu mwanzo, udongo ukazama, upande wa kichwani ukaanza kumomonyoka. Nililiona kutoka kwangu. Mwezi wa sita Tryphena alistaafu, akakabidhi kipaza sauti na bereti, na wiki iliyofuata Shanice, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa anayesomea uuguzi, alisimama uani kwangu. Aliniamkia, "Shikamoo, babu." Kisha akanipa ujumbe.

"Mama anasema mtaimbo wako uko kwake. Na anasema kazi yako hukuimaliza."

Sikuvaa viatu vizuri. Nilitoka uani nikapiga filimbi mara tatu, pumzi zangu zote, na bonde likaijibu. Sikujua kama kuna atakayekuja. Geoffrey alikuwa na miaka miwili udongoni. Lakini nilipofika kwenye ule ua wa mkonge, wanaume walikuwa wakishuka kila njia na sururu mabegani, na jirani yangu Sylus, mwenye miguu mibovu, alikuwa mbele yangu.

Nilipita ule ua. Teresia alikuwa amesimama kaburini. Amekonda, nywele zimeingia mvi. Alinikabidhi mtaimbo kwa mikono miwili. Nikapiga la kwanza.

Tulifanya kazi mpaka alasiri. Tuling'oa mawe mlimani, tukayabeba, tukajaza pale palipozama, tukajenga ukingo pande zote nne ambao mvua haitauondoa. Wanawake walipika. Tryphena alikaa kwenye kigoda kivulini, amevaa gauni la maua na kandambili, Mwanzia kando yake, na ilikuwa ajabu kumwona bila khaki. Kila mtu aliyekuwa akipita na jiwe alimwangalia kidogo, kama anauliza jibu kwa mwalimu, naye aliangalia magoti yake.

Tulipomaliza tulisimama kulizunguka kaburi, mabega yakigusana, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau. Shanice alileta kikombe cha maji akampa mama yake. Ilikuwa Alhamisi, maji ya kupima. Nilimtazama koo. Sikuweza kutazama kitu kingine.

Teresia aliweka maji kinywani, akakaa nayo. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akayapuliza, kwa nguvu, juu ya mawe na juu yetu tuliokuwa mbele, akasema kwa Kidawida kwamba kama kuna hasira ndani yake, na itoke, iende na maji.

Mimi nilikuwa karibu zaidi. Matone yalinipata shavuni, kwenye kope, na moja mdomoni. Nilikuwa na leso mfukoni, imefuliwa, imepigwa pasi. Sikuitoa.

Kutoka kivulini nilimsikia Tryphena akisema polepole, bila kipaza sauti, "Kwa Teresia."

"Tupo," Teresia akajibu.